Jiwe la Chokaa na Jirani Yake: Kaboni Iliyozikwa Chini ya Tabora na Kigoma

Ukipanda treni Tabora kwenda Kigoma unavuka mpaka mkubwa usio na kizuizi wala askari. Tabora imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, bonge la graniti na naisi (mwamba wenye milia) lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nene, gumu, na lenye ubaridi kuliko ardhi inayolizunguka. Yale mawe makubwa ya mviringo yaliyobebana katikati ya mashamba ya tumbaku na karanga ndiyo sehemu yake inayochungulia juu. Treni inapita Urambo, Kaliua na Nguruka, inafika Uvinza kwenye chumvi, na hadi inaposimama Kigoma ardhi ya chini imeshabadilika: mchanga mwekundu ulioshikana ukawa mwamba, kwatziti ngumu, chokaa yenye magnesi upande wa Ilagala, na mbele yake ufa uliojaa maji wenye kina cha mita 1,470, ndio Ziwa Tanganyika. Kusini zaidi, kuanzia milima ya Mahale kushuka Katavi mpaka Ufipa, umelala ukanda wa Ubende, ambao sehemu yake kubwa ni miamba geu.

Miamba geu wengi wetu tuliikariri darasani pamoja na ndugu zake wawili, miamba ya moto na miamba tabaka. Mwalimu akachora mishale ubaoni, mtihani ukaja, basi. Tuliambiwa ni mwamba uliokuwa kitu kingine, ukazikwa, ukabanwa na kupata joto kali bila kuyeyuka, hadi madini yake yakajipanga upya. Tope likawa shisti, mchanga ukawa kwatziti, chokaa ikawa marumaru. Yote hayo ni kweli. Ambacho mishale ile haikuonyesha ni kwamba madini yanapojipanga upya huko chini, kaboni iliyokuwemo inaweza kubaki ndani ya jiwe au ikaondoka kama hewa ya ukaa. Na kubaki au kuondoka huko, kukijumlishwa kwa mamilioni ya miaka, ni sehemu ya kinachoamua dunia iwe na barafu au isiwe nayo.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala wa hewa ya ukaa huishia kwenye kelele. Anga lote lina kaboni tani bilioni 900 hivi. Bahari zina kama tani bilioni 38,000. Lakini kwa kila tani moja iliyoko angani, kuna makumi ya maelfu ya tani zilizofungwa kwenye chokaa na kwenye mabaki ya viumbe yaliyonaswa ndani ya mawe. Kaboni ya dunia, kwa sehemu yake kubwa kabisa, ni jiwe. Sisi, miti, samaki wa ziwani na moshi wa mkaa tunaishi kwenye chenji iliyobaki. Ndiyo sababu mchepuko mdogo tu huko chini, usioweza hata kuitwa asilimia moja, unatosha kubadilisha anga la juu kabisa, mradi upewe muda.

Kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji hoja hii huwa na mwendo wake. Mmoja anasema, "Bwana, volkano moja inatoa hewa chafu kuliko magari yote ya Dar." Mwingine anaitikia, "Sasa wanatusumbua nini na mkaa wetu?" Jibu lake ni la namba. Volkano zote za dunia, pamoja na nyufa, chemchemi na milima inayopumua kimyakimya, hutoa hewa ya ukaa inayokadiriwa kati ya tani milioni 280 na 360 kwa mwaka. Binadamu, kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, anatoa zaidi ya tani bilioni 35. Tumezizidi volkano zaidi ya mara mia. Aliyeanzisha hoja pale kijiweni hakukosea kudhani kuwa ardhi inatoa hewa. Alikosea kiasi tu, na kosa lenyewe ni la mara mia.

Turudi kwenye jiwe. Mchoma chokaa anajua nusu ya somo hili tayari. Anapanga mawe na kuni kwenye tanuru, anawasha, analisha moto mchana na usiku, na jiwe linalotoka ni jepesi kuliko lililoingia. Uzito uliopotea ni hewa ya ukaa. Kilo 100 za kalisi safi, yaani madini yanayounda chokaa, zikichomwa hadi mwisho zinabaki kilo 56. Kilo 44 zimepaa. Ili hilo litokee, moto lazima upite nyuzi 850 hivi, na tanuru liwe wazi ili hewa ipate pa kutokea.

Sasa lichukue jiwe lile lile ulizike kilomita 20 chini. Kwenye ganda la kawaida la bara, joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka, kwa hiyo huko chini litakuta nyuzi 500 au 600. Hazitoshi. Zaidi ya hapo, hewa haina pa kwenda, inakandamizwa na uzito wa mawe yote yaliyo juu. Ni habari ya chupa ya soda: kizibo kikikaza gesi inatulia ndani ya kinywaji, kikilegea ndipo inapofoka. Chokaa safi iliyozikwa peke yake, basi, haiachii kitu. Chembe zake zinakua, zinang'aa, inakuwa marumaru, na kaboni yote bado imo. Zipo marumaru duniani zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili ambazo ukizidondoshea asidi hadi leo zinatoa mapovu.

Tatizo, au tuseme uzuri wa jambo hili, ni kwamba chokaa ni nadra kukaa peke yake. Ilipokuwa inatuama chini ya bahari, mto ulileta mchanga, upepo ukaleta vumbi, tope la mfinyanzi likajichanganya humo. Mchanga ni silika. Kalisi na silika zikikutanishwa kwenye joto, zinabadilishana: kalisiamu inahamia kwa silika na kuunda madini meupe yenye nyuzinyuzi yaitwayo wolastoniti, na hewa ya ukaa inaachwa bila mwenyewe. Jiwe lile lile la chokaa ambalo peke yake lingevumilia, likiwa na mchanga ubavuni linasalimu amri. Dolomiti, ile chokaa yenye magnesi, ni laini zaidi wa moyo: ikipata mchanga na maji kidogo inaanza kuachia kwenye joto la chini zaidi, na nyuma yake inaacha talki, madini yale yale ya poda ya watoto.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame, kwa sababu maelezo mengi ya mzunguko wa kaboni huruka hatua hii. Yanasema "joto la ndani ya ardhi hutoa hewa ya ukaa" kana kwamba joto ndilo bosi. Joto ni lazima, lakini anayeamua ni jirani: jiwe la chokaa limelazwa pamoja na nani, na nani anapita katikati yao.

Jirani mwenye nguvu kuliko wote ni maji. Tope likizikwa na kupata joto, madini ya mfinyanzi yanatoa maji yaliyokuwa yamefungwa ndani yake, na maji hayo hupanda kupitia nyufa hadi yakutane na chokaa. Yanapopita yanaibeba hewa ya ukaa iliyokwisha kutoka, yanaipunguza makali, na hivyo yanairuhusu nyingine itoke. Kwenye kina cha kilomita kama saba, kalisi na mchanga vikiwa vimezungukwa na hewa ya ukaa tupu hustahimili hadi kupita nyuzi 700. Maji yakiwa mengi, vinaachia kabla ya nyuzi 600. Tofauti ya nyuzi mia na zaidi ni sawa na kilomita kadhaa za kina, yaani ni tofauti kati ya milima ambayo chokaa yake ingebaki salama na milima iliyotoa hewa. Mwaka 2018 Emily Stewart na Jay Ague walichunguza miamba geu ya New England, Marekani, mizizi ya milima iliyonyanyuka katika zama za Devoni, karibu miaka milioni 400 iliyopita, wakaonyesha kuwa huko maji yanayopita ndiyo yaliyoisukuma kazi ya kuiondoa kaboni kwenye chokaa yenye uchafu.

Mtu anaweza kuuliza, tunajuaje yaliyotokea kilomita 20 chini, mahali ambapo hakuna mashine iliyowahi kufika? Shimo lenye kina kirefu kuliko yote lililowahi kuchimbwa, lile la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na ushei. Jibu ni kwamba tunasubiri chini ije juu. Milima ikinyanyuka na mvua ikaimenya kwa mamilioni ya miaka, mizizi yake inatokea juani, na mizizi hiyo ndiyo miamba geu tunayoikanyaga. Ukikata kipande chake, ukakisugua hadi kiwe chembamba kuliko unywele, ukakiweka chini ya hadubini, utaona ndani ya chembe za kwatzi (madini ya mchanga) vijimfuko vidogo sana vya majimaji na gesi, vilivyonaswa wakati madini yalipokuwa yanakua. Mwaka 1971 Jacques Touret alivichunguza vya namna hiyo kwenye miamba ya kusini mwa Norway iliyotoka sehemu ya chini kabisa ya ganda la dunia. Vya miamba ya juu kidogo vilijaa maji. Vya miamba iliyokuwa chini zaidi, kwenye joto kali zaidi, vilijaa hewa ya ukaa, nzito kiasi kwamba ilikuwa imebanwa ikawa kimiminika. Tangu hapo haikuwezekana tena kulichukulia ganda la chini kama jiwe kavu lisilo na habari.

Njia ya pili ni kupima kaboni yenyewe. Kaboni ina aina (isotopu) mbili zisizobadilika kadiri muda unavyopita, nyepesi na nzito, na kila chanzo kina uwiano wake. Kaboni ya chokaa ya baharini iko upande mzito. Kaboni ya viumbe ni nyepesi waziwazi, kwa sababu mimea na vijidudu hupendelea ile nyepesi. Inayotoka kwenye koti la dunia, chini ya ganda, iko katikati. Ukiongeza kipimo cha heliamu, ambayo ile ya koti na ile ya ganda hutofautiana mno, unaweza kuchukua chupa ya gesi ya chemchemi moja na kusema kwa kiasi kikubwa cha uhakika: hii imetoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hii ni chokaa iliyopata joto, hii imechanganyika.

Ni kwa njia hiyo mambo yalivyopinduka kule Himalaya. Kuanzia miaka ya 1980 mwishoni, Maureen Raymo na wenzake walijenga hoja yenye mvuto: milima hiyo iliponyanyuka, mvua ikapata mawe mapya ya kuozesha, na mawe ya silikati, yaani yaliyojengwa kwa silika, yanapooza hunyonya hewa ya ukaa angani, hivyo dunia ikapoa. Hoja hiyo bado ina watetezi. Lakini mwaka 2008 watafiti waliopima chemchemi za maji moto za Nepal, Matthew Evans, Louis Derry na Christian France-Lanord, waliikuta hewa ya ukaa ikitoka kwa wingi kwenye miamba geu iliyo chini ya milima ile ile, na kwa mabonde waliyoyapima ilizidi ile inayonyonywa na kuoza kwa mawe ya juu. Yaani mlima mmoja unavuta kwa juu na kutoa kwa chini. Ukihesabu upande mmoja tu utapata jibu zuri la uongo.

Jirani mwingine, na huyu ni wa fujo, ni magma. Miaka milioni 252 iliyopita huko Siberia, magma iliyokuwa inapanda haikutoka yote kama lava. Sehemu kubwa ilijipenyeza ubavuni, kati ya matabaka ya makaa ya mawe, chumvi na chokaa, ikayachoma yakiwa yamelala. Ugeukaji huu wa miamba haukuhitaji milima wala mamilioni ya miaka. Gesi zilizotoka ni miongoni mwa sababu zinazotajwa kuwa chanzo cha maangamizi makubwa kuliko yote katika historia ya viumbe, yaliyofuta sehemu kubwa ya spishi za baharini. Miaka milioni 56 iliyopita jambo la jamii hiyo lilitokea Atlantiki ya Kaskazini, na dunia ikapata joto la ghafla. Ghafla kwa kipimo cha mawe, yaani maelfu ya miaka.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba miamba geu kazi yake ni kutoa tu. Nenda Mahenge, au Merelani kwenye tanzanaiti, uone upande wa pili. Madini ya kinywe (grafiti) yanayochimbwa huko ni kaboni tupu. Wingi wake ulianza kama mabaki ya viumbe vidogo kwenye tope la bahari ya kale, kabla dunia haijaona samaki. Tope lilizikwa, na mabara yalipogongana miaka zaidi ya milioni 550 iliyopita likageuka naisi. Hidrojeni na oksijeni vikafukuzwa, kaboni ikabaki ikijipanga karatasi juu ya karatasi. Kinywe ni kigumu mno kukirudisha hewani. Joto peke yake halikitoi. Kinahitaji maji au chuma chenye oksijeni ya ziada ili kianze kuliwa, na hata hapo kwa kusuasua. Kwa hiyo tope lenye mabaki ya viumbe likigeuka naisi bila jirani wa kulisumbua, kaboni yake inatoka kwenye mzunguko kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kinachonifurahisha ni kwamba leo tunakifukua ili kitengeneze betri za magari ya umeme, kwa nia ya kupunguza kaboni nyingine.

Kuna pia kaboni isiyotoka wala kukaa, inayokwenda chini zaidi. Sakafu ya bahari inapozama chini ya bara inabeba chokaa yake. Bamba linalozama, yaani kipande hicho cha sakafu, likiwa na joto, majirani wanaanza kubishana mapema na hewa inatoka kupitia volkano. Likiwa baridi, linaweza kushuka na mzigo wake mpaka kwenye koti la dunia. Tutajuaje kama mabamba ya kale yalizama hivyo? Kwa eklogiti, mwamba geu mzito wenye ganeti nyekundu ndani ya madini ya kijani, unaotokana na lava ya sakafu ya bahari ikifikishwa kina cha kilomita 45 au zaidi bila kupata joto kupita kiasi. Na hapa Tanzania ina la kusema. Mwaka 1995 zilitangazwa eklogiti za ukanda wa Usagara zenye umri wa miaka bilioni 2. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Volker Schenk na Peter Appel, wakaeleza nyingine za ukanda wa Ubende, zenye umri wa karibu miaka bilioni 1.87 na kemia ya sakafu ya bahari. Ukanda ule ule unaoanzia Mahale. Palikuwa na bahari kwenye ukingo wa kratoni, ikazama, na chochote ilichokuwa imebeba kikaenda nacho au kikaachwa kwenye mizizi ya milima iliyofuata. Huu ni miongoni mwa ushahidi wa kale kuliko wote duniani kwamba sakafu ya bahari ilikuwa ikizama kwa staili inayofanana na ya leo, na bila kuzama huko mzunguko wa kaboni tunaoujua usingekuwepo.

Hiyo ni historia. Je, chini yetu leo kunatokea nini? Bonde la Ufa linaikata Afrika kwa kuizunguka kratoni, tawi moja mashariki kupitia Natron na Magadi, jingine magharibi kupitia Tanganyika na Kivu. Kratoni yenyewe halijaiweza. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Hyunwoo Lee walipima hewa ya ukaa inayopenya udongoni kandokando ya nyufa za Magadi na Natron, mbali na mdomo wowote wa volkano, wakakadiria tani milioni 4 hivi kwa mwaka kwa bonde hilo dogo. Walipolitanua kwa tawi zima la mashariki walipata tani milioni 71, wakaandika wazi kwamba kosa linaweza kuwa nusu yake. Waliopima Ethiopia baadaye walipata viwango vya chini zaidi, kwa hiyo namba ile isishikwe kama msahafu. Lililobaki imara ni kwamba hewa inapanda kupitia nyufa zinazofika ganda la chini, na kwamba nyingi ina sura ya koti la dunia. Mwaka 2020 James Muirhead na wenzake wakaongeza jambo lenye kutuhusu moja kwa moja: kaboni hiyo imerundikana pembeni ya kratoni, kwa sababu sehemu ya chini ya kratoni, ambayo ilikusanya kaboni kwa muda mrefu sana, inameguka na kusukumwa pembeni na kuanza kuyeyuka. Bonge lile lile linaloibeba Tabora linalishwa moto kwenye kingo zake.

Tawi letu la magharibi ni tofauti. Volkano zake zimejikusanya sehemu chache, Virunga na Kivu kaskazini, Rungwe kusini. Kyejo, Rungwe, hewa ya ukaa inatoka ardhini kwa wingi hadi inavunwa kibiashara na kuishia kwenye vinywaji. Jirani na Goma hujikusanya mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na watu wa huko wanaogopa mazuku, maana mbuzi akiingia humo alfajiri hatoki. Kati ya sehemu hizo mbili, Kigoma hakuna volkano hata moja. Kwa anayeuliza kama Tanganyika inaweza kulipuka kama inavyohofiwa Kivu: maji yake ya chini hayana oksijeni na yana gesi iliyoyeyuka, lakini kwa kiasi kilicho mbali sana na kile cha kuchemka.

Hakuna volkano, lakini mwendo upo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilianzia chini ya ziwa, kina cha kilomita kama 22, likaitikisa Kigoma na kuua watu upande wa Kongo. Kina hicho ni ganda la chini, sehemu ambayo kwa desturi mwamba una joto la kutosha kupinda badala ya kupasuka. Kwa matetemeko ya kina hicho kando ya Bonde la Ufa zimetolewa sababu mbili zisizogombana: kwamba miamba geu ya huko ni ya kale, mikavu na migumu isivyo kawaida, na kwamba majimaji na gesi vinavyopanda vinazisukuma nyufa zake zifunguke. Sababu ya pili ikiwa na uzito, basi kila mtikisiko wa namna hiyo ni pia njia mpya ya kupitishia kaboni. Upande wa Kongo, sehemu iitwayo Pemba (si kile kisiwa) na rasi ya Banza, kuna chemchemi za moto zinazotokea chini ya maji ya ziwa, na Banza zimejenga mabomba ya chokaa kwenye sakafu: kaboni iliyopanda kama hewa ikageuka jiwe tena kabla hata ya kufika juu.

Nikumbushe tu kwamba si kila chemchemi ni ushahidi. Uvinza maji ya chumvi yametoka ardhini na kupikwa na watu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ni rahisi mgeni mwenye shauku kuyanyooshea kidole na kusema "kaboni ya ndani ya ardhi hiyo". Bila kupima isotopu zake, hiyo ni hadithi tu. Maji yanaweza kwenda chini kilomita moja mbili, yakapata joto, yakalamba chumvi ya kale na kurudi bila kukutana na chokaa yoyote inayogeuka.

Kwa nini basi dunia haijachemka, ikiwa ardhi inatoa hewa miaka yote? Kwa sababu mvua inarudisha. Hewa ya ukaa huyeyuka kwenye matone, mvua inakuwa na uchachu mdogo, inaozesha graniti ya Unyamwezi kama inavyoozesha mawe yote ya silikati, mito inabeba kalisiamu hadi baharini, na viumbe vya huko vinajenga chokaa. Ni ule ule mwitikio wa kalisi na mchanga ukienda kinyumenyume. Mfaransa Jacques-Joseph Ébelmen aliuona tayari mwaka 1845, akasahaulika kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1981 Walker, Hays na Kasting wakaonyesha unavyojirekebisha: dunia ikipata joto, mvua na uozaji vinaongezeka, hewa inanyonywa zaidi, ikipoa, uozaji unalegea na hewa inayotoka chini inajikusanya angani. Kirekebishi hicho ni cha kuaminika, na kinatumia mamia ya maelfu ya miaka kumaliza kazi yake. Anayetegemea mawe yatatusafishia moshi wa karne hii ana imani sahihi kwa saa isiyo sahihi.

Na mchanganyiko mpya unaandaliwa. Chini ya Ziwa Tanganyika, juu ya mwamba mgumu, kuna tope ambalo mahali pengine lina unene wa kilomita nne au tano, likiwa na mfinyanzi wa Malagarasi na Rusizi, mchanga, magamba ya silika ya vijimea vya majini, chokaa sehemusehemu, na mabaki mengi ya viumbe yaliyohifadhika kwa kukosa oksijeni. Majirani wote waliotajwa humu wapo tayari ndani ya tope moja. Ugeukaji wa miamba huanza kwenye nyuzi 200 hivi, na tope la juu halijafika popote karibu na hapo. La chini limeanza safari: upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta huibuka na kuelea juu ya maji, na mafuta hayatengenezwi mpaka mabaki ya viumbe yaonje joto la zaidi ya nyuzi 60.